Chuo Kinachojulikana kwa Kubebana

Nyinyi walimu vijana mnaoletwa Tarime na Serengeti siku hizi mna simu nzuri. Mwanafunzi wa kidato cha sita akiwauliza habari za chuo kikuu fulani, mnafungua tovuti yake na kumsomea. Sikatai, tovuti ina picha za majengo na bustani, na haina makosa ya tahajia. Lakini mimi nimestaafu nikiwa mwalimu wa ushauri, kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko hiyo jiografia niliyosomea, na nawaambia kwamba kila chuo kina sifa za aina mbili. Kuna zile zinazoandikwa na wenye chuo, na kuna zile wanazozijua wanafunzi. Hizi za wanafunzi ndizo zinazofika vijijini kama Gorong'a mapema.

Kwa hiyo nilikuwa na swali langu. Kuna chuo kikuu kikubwa cha serikali ambacho karibu kila mwanafunzi wetu alikiota. Jina lake silitaji kwa sababu mnakijua. Mwanafunzi wetu akirudi likizo kutoka huko, akapita kwangu Nkende kunisalimia, nilimpa chai, nikamwacha anywe, kisha nikamuuliza: nyinyi kwa nyinyi, chuo chenu kinajulikana kwa nini hasa?

Hakuna hata mmoja aliyewahi kunijibu maprofesa.

Mwita, kijana wa Nyamongo aliyekuwa na mdomo tangu kidato cha kwanza, alijibu bila kufikiri. "Tumbili, madam. Tena siyo kama hawa wa kwetu wanaomkimbia mtu. Wale wanafungua dirisha wenyewe, wanaingia, wanachagua. Mkate wa jana wanauacha." Mwingine alisema kinajulikana kwa kuwahi kiti maktaba. Mtu anaweka daftari na chupa ya maji mezani alfajiri, anarudi kulala, na hakuna anayethubutu kuvisogeza. Binti mmoja alisema kinajulikana kwa kudisko, yaani kufeli mpaka chuo kikuondoe. Alilisema neno hilo polepole sana, nami sikuendelea kumhoji. Baadaye nilisikia kwamba naye alikuwa amedisko.

Lakini jibu lililorudi tena na tena lilikuwa kubebana. Vitanda vya hosteli havitoshi watu wote. Anayepata kitanda anamchukua mwenzake aliyekosa, wanalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja mpaka mwaka uishe. Huyo aliyechukuliwa wanasema anabebwa. Kama chuo kinaruhusu au hakiruhusu, mkawaulize wenyewe. Mimi nasema tu kwamba watoto wetu wengi wamepata digrii wakiwa wamebebwa, na niligundua kwamba wakisimulia hilo wanalisimulia kwa fahari kuliko hata mahafali yao.

Nilijifunza kuuliza swali hili kutokana na kosa la mtu mwingine, na alikuwa mtu niliyempenda. Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule moja ya wilaya ya Serengeti, na huko nilimkuta Mwalimu Magige, Mnata wa hukohuko Serengeti, mzee wa hesabu, mnene, mvivu wa kusahihisha, aliyekuwa na kiti chake kwenye ofisi ya walimu na ole wako ukikikalia. Ushauri wote wa vyuo ulikuwa wake. Yeye alikuwa amesoma chuo hichohicho enzi zile ambazo mwanafunzi alilishwa na serikali, na kila mwaka aliwaandaa watoto kwa hotuba ileile. "Mtaingia bwaloni," aliwaambia, "mtakaa mezani, mtaletewa kuku. Sasa mtu ashike uma mkono huu na kisu mkono huu." Aliwafundisha kwa rula na kalamu. Wale watoto walikuwa hodari kweli wa uma na kisu. Walifika chuoni bila sufuria, bila sahani, bila hata kijiko, wakakuta kila mtu anajipikia au ananunua kwa mama lishe. Mmoja aliniambia kwamba alikaa bwaloni saa nzima akisubiri kuletewa.

Magige alipoelezwa hakuona aibu hata kidogo. Alisema wameharibu chuo. Lakini mwaka uliofuata aliniachia kazi ya ushauri, kwa maelezo kwamba mimi ni mwanamke na wanawake wanauliza uliza. Nafikiri alidhani ananidhihaki.

Kitu kimoja alinifundisha kwa usahihi, nacho ni namna ya kwenda nyumbani kwa mzazi. Usiende asubuhi, mtu ana shamba. Usiende siku ya mnada. Nenda jioni ng'ombe wakirudi, kwa sababu saa hiyo baba lazima awepo zizini. Usiseme kilichokuleta mpaka uulizwe. Ukipewa maziwa ya mgando kunywa, hata kama yanakushinda, na mimi yalinishinda miaka miwili ya kwanza. Wala usimsifie mtoto mbele ya baba yake sana, ataona unamuuzia kitu. Mimi ni Mnyaturu wa Singida, sikuzaliwa huku, na mambo haya nisingeyajua kwa akili zangu.

Nilihamia Tarime na kazi hiyohiyo ya ushauri, nayo imebadilika mikononi mwangu. Zamani tuliwakalisha ukumbini, tukajaza nao maombi ya vyuo mmoja mmoja, na aliyekosea tulimwona papo hapo. Sasa mtoto anamaliza mtihani, anaondoka, anaombea chuo stationeri ya karibu na stendi. Kijana wa stationeri hamjui. Anamuuliza, "Tukuwekee kozi gani?" kama vile anauliza chai ya rangi au ya maziwa. Mwaka mmoja darasa letu la sanaa karibu nusu yao waliomba kozi moja, na nilipofuatilia nikaambiwa ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye skrini. Baada ya hapo nikawa nakwenda kukaa pale stationeri mwenyewe. Yule kijana hakunipenda, lakini alinipa kigoda.

Hapo stationeri ndipo tulipomwombea Bhoke. Huyu alikuwa binti wa Mzee Chacha wa Gorong'a, mrefu, mkimya, na wa kwanza darasani bila kelele. Alipata chuo kile kikubwa, kozi aliyoitaka. Siku chache kabla ya kuripoti akaja kwangu Nkende, akasimama mlangoni hataki kukaa.

"Madam, chuo nimepata. Kitanda sikupata. Na baba amesema basi."

Nilimwambia kwamba kitanda siyo tatizo, watu wanabebana. Akaniambia kwamba tatizo ni hilohilo, baba ameshasikia.

Aliyemwambia alikuwa Mwita, yule wa tumbili. Alikuwa amemaliza chuo, akaja Gorong'a msibani, akakaa na wazee akiwaburudisha kwa habari za huko. Aliwasimulia jinsi alivyobebwa mwaka mzima, kichwa chake upande wa miguu ya mwenzake, na walivyokuwa wakigeuka kwa amri moja. Pale kwangu Nkende hadithi za namna hiyo zilikuwa tamu. Kwa Mzee Chacha ilimaanisha kwamba mtoto wa mtu mwenye mji wake atakwenda kulala kwa watu kama asiye na kwao. Akasema Bhoke angoje mwaka mmoja, pengine kitanda kitapatikana.

Nyinyi mnaofundisha huku mnajua kungoja mwaka kwa binti kunaishia wapi. Mwaka uliotangulia, zizi la Mzee Chacha lilikuwa limeibiwa usiku, likabaki na ndama na ng'ombe wazee. Watu wenye ng'ombe na kijana wa kuoza walikuwa wameshafika kwake kuulizia, na alikuwa hajawafukuza. Zizi lile lingejaa tena kwa Bhoke. Hakuna aliyelisema hilo wazi, na hakukuwa na haja.

Nikaanza kutafuta mtu wa kumbeba. Nilimkumbuka Robhi, binti niliyemfundisha kabla ya Bhoke, aliyekuwa mwaka wa pili kulekule na ana kitanda. Nikampigia. Akafurahi kunisikia. Nilipomweleza shida akauliza ni Bhoke wa wapi, wa nani. Nikamwambia ni wa Gorong'a, wa Mzee Chacha. Akanyamaza. Nilidhani ni mtandao, nikaita haloo haloo. Akasema, "Nipo, madam. Naomba nikupigie kesho." Kesho yake akanipigia kama alivyoahidi: "Mwambie aje. Mimi nitambeba."

Nikaona nimemaliza kazi. Nilikuwa nimempata Mkurya wa kumbeba Mkurya mwenzake, lugha moja, chakula kimoja, baba atasema nini tena? Nilijisifu moyoni mpaka nikanunua sukari ya kupeleka.

Nilifika Gorong'a kwa bodaboda jioni, nikateremka mbali kidogo ili nisiwatishe ng'ombe. Mzee Chacha alikuwa kwenye lango la zizi na fimbo yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniita kivulini mwa nyumba. Mama Bhoke alileta maziwa, nikayanywa yote. Tukazungumza mvua, tukazungumza mahindi, tukamsema vibaya kidogo afisa ugani. Bhoke alikuwa anachambua mboga karibu na jiko, na kwa muda wote huo alikuwa na jani lilelile mkononi.

"Sasa mwalimu," akasema Mzee Chacha, "hukuja kunywa maziwa."

Nikamweleza. Nikamwambia kuna binti wa kwetu hapa hapa, Mkurya, mwenye adabu, ana kitanda na amekubali. Nikamwambia naweza kumpigia amsikie mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, nikaiweka simu kwenye spika, nikampa.

Robhi akamwamkia vizuri, kwa Kikurya, akimwita tata, yaani baba. Mzee akamjibu. Wakasemezana kidogo. Mimi Kikurya nasikia cha sokoni tu, sikuona tatizo lolote. Nilichokiona ni kwamba Mama Bhoke, aliyekuwa anaosha kibuyu, aliacha kuosha.

Mzee akanirudishia simu kwa ishara ya kuizima. Nikaizima.

"Huyu ni wa wapi?"

Nikamtajia kijiji chao. Ukoo siutaji hapa, kwa sababu watu bado wanaishi na wanakutana mnadani.

"Mimi nimemsikia kwenye ulimi," akasema. "Hawa wanavuta maneno namna yao. Mwalimu, unajua ng'ombe zangu zilipita wapi?"

"Sijui, mzee."

"Zilipita kwao. Nyayo tulizifuata mpaka kwao, zikaishia hapo. Sasa wewe unaniambia mtoto wangu aende akalale kitanda kimoja na mtoto wa hao watu."

Vijana, kosa hili litawapata na nyinyi mnaotoka mikoa mingine. Kwetu sisi tuliokuja, Mkurya ni Mkurya. Nilikaa Tarime muda wote ule, nikala harusi zao na kuzika nao, na bado nilimtafutia mzee yule mtu wa ukoo uleule asiotaka kuusikia. Nilijiona mjinga na nilimhurumia Bhoke, aliyekuwa sasa ameweka ungo chini na kuinamisha kichwa.

Nikaomba radhi. Nikasema sikujua. Mzee hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtu anayekasirika bado unaweza kujadiliana naye. Alianza kunishukuru kwa sukari. Akasema nimefanya kazi yangu. Mnapoanza kushukuriwa namna hiyo mjue mnasindikizwa.

Nilikuwa nimeshashika mkoba alipoongeza neno, kwa kebehi kuliko kwa kutaka kujua.

"Na kwenye hicho kitanda chao, mtoto wangu angelazwa wapi? Miguuni kwake?"

Sikujua. Ningeweza kutunga jibu zuri, na Mwalimu Magige angetunga. Nikasema, "Sijui mzee, tumuulize," na kabla hajakataa nikapiga simu tena, nikaiweka kwenye spika palepale juu ya kigoda.

"Robhi, anayebebwa analala upande gani?"

"Ukutani, madam."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mwenye kitanda analala huku nje, upande wa mlango. Kila chumba ni hivyo, hata wavulana."

"Nani aliwapangia?"

"Hakuna. Tumekuta hivyo. Yule ni mgeni, madam. Mtu akigonga usiku, lazima amkute mwenye chumba kwanza."

Mzee Chacha alikuwa amesimama. Akakaa. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama kibuyu.

"Hata kwetu," akasema polepole, kwa Kiswahili, kwa faida yangu, "mgeni analala ukutani. Mwenye nyumba analala mlangoni. Akija mtu na panga, anaanza na mwenye nyumba."

Simu ilikuwa bado inahesabu dakika zake juu ya kigoda, na nilisikia upande wa pili wasichana wakicheka mbali, kisha mlango ukafungwa na kelele zikaisha. Robhi alikuwa amewafungia nje ili asikie vizuri.

Mzee akaiinamia simu. Hakuishika. Akasema naye kwa Kiswahili, nafikiri kwa sababu alitaka nishuhudie.

"Wewe mtoto. Unajua mimi ni nani?"

"Najua, tata."

"Baba yako anajua kwamba unataka kumlaza mtoto wa Chacha wa Gorong'a?"

"Anajua. Nilimpigia kabla sijamjibu madam."

"Alisemaje?"

Robhi alikawia. Safari hii sikudhani kwamba ni mtandao.

"Alikaa kimya sana, tata. Halafu akaniambia, ukimchukua huyo, nisisikie hata siku moja kwamba umemlaza mlangoni."

Mzee Chacha akashusha pumzi. Akainuka, akaenda mpaka kwenye lango la zizi, akakaa huko amegeuzia mgongo nyumba, akiwatazama wale ng'ombe wazee. Mama Bhoke hakumfuata. Bhoke alikuwa amesimama, ungo uko miguuni. Mimi, nawaambia ukweli, sikuthubutu hata kuikata ile simu.

Aliporudi hakunitazama mimi wala binti yake. Alimwambia mkewe amtafutie Bhoke blanketi zito, lile jipya. Kisha akaiinamia simu mara ya pili, akasema kwa sauti kubwa, kama watu wasioamini kwamba simu inafika mbali.

"Robhi. Chuo kikifungwa usipitilize kwenu. Shukia hapa kwangu kwanza, ulale. Mwambie baba yako nimesema utalala ukutani, na mlangoni nitalala mimi."